Musashi-Kosugi: jina moja, stesheni tatu ndani yake (maoni yangu baada ya miaka minne ya kupita hapo)

Naandika hii kwa yeyote anayehamia upande wa Kawasaki au anayepita tu kubadilisha treni, manake mwaka wangu wa kwanza Japani hakuna aliyeniambia haya na ningeyajua mapema ningeokoa asubuhi nyingi sana. Stesheni yenyewe ni Musashi-Kosugi, iko Nakahara, Kawasaki, mkoa wa Kanagawa, ukivuka tu mto Tama ukitokea Tokyo umefika. Mi nakaa Musashi-Nakahara, kituo cha jirani kabisa kwenye laini ya Nambu, kazi yangu iko Shinagawa, kwa hiyo kila siku ya kazi nashuka Kosugi asubuhi na nashuka tena Kosugi jioni, miaka minne sasa. Wenyeji wa zamani wanaiita Kosugi tu, vijana na wageni wanasema Musako. Mi nimezoea Kosugi.

Jambo la kwanza kabisa, usiichukulie kama stesheni moja. Kwenye ramani ni kidoti kimoja lakini ukifika pale unakuta sehemu tatu zilizojengwa nyakati tofauti na kwa sababu tofauti kabisa, kuna ya laini ya Nambu, kuna ya Tokyu (kampuni binafsi ya reli, laini zake hapa ni Toyoko na Meguro), na kuna ya laini ya Yokosuka ambayo iko kule mbali peke yake. Nambu na Yokosuka zote ni za JR, kampuni kubwa ya reli. Kila hatua unayotembea ndani ya hiyo stesheni ina sababu yake na sababu hiyo ni ya kihistoria. Mi nilipoanza kuifuatilia historia ndo nikaacha kupotea, kweli kabisa.

Tuanze na mpangilio. Nambu iko chini, usawa wa ardhi, platifomu mbili zinatazamana na reli mbili katikati, treni zake zina mabehewa sita na mstari wa njano. Tokyu inapita juu kwa juu, inaikata Nambu kama msalaba, platifomu mbili pana zenye reli nne. Kutoka Nambu kwenda Tokyu ni ngazi, geti la kubadilishia, ngazi tena, umefika, haina shida. Afu kuna Yokosuka. Hiyo sasa kutoka Nambu ni kama mita 400 za kutembea, ndani kwa ndani bila kutoka getini, na hapa naomba unielewe vizuri manake kutoka Kosugi ya Tokyu hadi Shin-Maruko, stesheni nyingine kabisa yenye jina lake na mageti yake, ni nusu kilomita tu. Yaani kubadilisha treni ndani ya Kosugi ni karibu sawa na kutembea kutoka stesheni moja kwenda nyingine!

Kwa nini iko hivyo? Nambu haikujengwa kwa ajili ya watu wa ofisini kama mimi. Ilianza kama mpango wa reli ya kubeba kokoto za mto Tama, hata jina lake la mwanzo lilikuwa la kokoto hizo, ikabadilishwa kuwa Nambu mwaka 1920, na baadaye kazi yake kubwa ikawa kuteremsha mawe ya chokaa kutoka milima ya magharibi kwenda viwanda vya Kawasaki. Kipande cha Kawasaki hadi Noborito kilifunguliwa Machi 1927. Novemba mwaka huohuo vikaongezwa vituo vidogo viwili maeneo haya, kimoja kikiitwa Musashi-Kosugi na kingine kikiitwa Gurando-mae, maana yake mbele ya uwanja, kwa sababu palikuwa na uwanja wa michezo wa kampuni ya bima. Sasa stesheni tunayoitumia leo, ile ya Nambu, ipo pale kilipokuwa kituo cha uwanjani! Serikali ilipoitaifisha Nambu Aprili 1944, katikati ya vita, kile Musashi-Kosugi cha asili kikafungwa na jina lake akapewa jirani. Mi hiyo habari ilinifurahisha sana, nikaenda hadi Jumamosi moja kutembea pale karibu na ofisi ya wilaya kutafuta kilipokuwa kituo cha kwanza, hamna kitu cha kuona, reli tu inapita na nyumba.

Na hilo neno Musashi mbele ni jina la jimbo la zamani, liliwekwa kwa sababu Kosugi nyingine ilishakuwepo Toyama tangu 1899, wasingeweza kuwa na majina mawili yanayofanana. Ndo maana ukipita kwenye Nambu unasikia Musashi-hiki Musashi-kile kituo baada ya kituo.

Upande wa Tokyu ni kisa kingine. Reli ya Toyoko ilipita hapa tangu Februari 1926 lakini haikusimama, ilisimama Shin-Maruko na Motosumiyoshi, na Nambu ilipofunguliwa mwaka uliofuata ikawa inakatiza juu yake bila kusimama. Fikiria reli mbili zinapishana na abiria hawezi kubadilisha. Miaka ya thelathini viwanda vikajaa, NEC ikaja, Fujitsu ikaja, na Desemba 1939 Tokyu ikafungua stesheni kusini kidogo ikaitwa Kogyotoshi, mji wa viwanda, jina lenyewe linakuambia zama zile watu walitaka nini. Kosugi ya Tokyu ikaja Juni 1945, miezi miwili kabla vita haijaisha, na ilianza kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani waliokuwa na pasi za kazini. Vita vikaisha, ile ya muda ikawa ya kudumu, Kogyotoshi ikafutwa 1953. Kwa hiyo ukisimama platifomu ya Toyoko leo ukaona Shin-Maruko iko palee karibu hadi unaona treni imesimama, usishangae, Shin-Maruko ndo ya zamani, Kosugi ilichomekwa katikati baadaye kwa sababu ya vita na viwanda.

Sasa Yokosuka, ndo penyewe.

Ile reli ilijengwa 1929 kwa ajili ya mizigo, inaitwa Hinkaku, ilikuwa inaenda kwenye yadi kubwa ya Shin-Tsurumi. Mizigo haihitaji kituo karibu na nyumba za watu wala karibu na Nambu, kwa hiyo ikapitishwa ilipopitishwa. 1964 reli ya Shinkansen, zile treni za mwendo kasi, ikaja ikajengwa ubavuni mwake. Oktoba 1980 treni za abiria za Yokosuka zikahamishiwa kwenye reli hiyo ya mizigo ili kupunguza msongamano wa njia ya Tokaido, na kuanzia hapo kwa miaka karibu thelathini treni zenye watu zilipita Kosugi bila kusimama. Watu wa hapa walikuwa wanaziona tu. Mji wa Kawasaki ukasukuma sana mpaka stesheni ikajengwa, ikafunguliwa tarehe 13 Machi 2010. Sasa huwezi kuihamisha reli ya mizigo ya 1929 ikaisogelea reli ya kokoto ya 1927, unachoweza ni kujenga njia ya kuunganisha, na ndo hiyo njia ninayotembea kila asubuhi.

Nikuelezee ilivyo saa moja na nusu asubuhi. Nambu inafunga breki, mi niko behewa la mbele upande wa Kawasaki (hilo ni muhimu, ukipanda la nyuma umeongeza platifomu nzima kwenye safari yako), milango inafunguka na watu wote wanageukia ngazi bila neno. Juu kuna njia ndefu yenye paa, viatu tu ndo unavyosikia, koko koko koko, mamia ya watu na hakuna anayeongea. Sehemu fulani kuna mkanda unaokusogeza, upande mmoja wanasimama upande mwingine wanatembea, na watu wazima wengi siku hizi wanauacha wanapita pembeni kwa sababu ukikwama nyuma ya mtu mwenye sanduku umekwama. Ukiangalia nje kupitia dirishani unaona maghorofa yamepanda juu hadi unakosa mbingu. Nimejipima mara nyingi, mi natumia dakika sita kutoka mlango wa treni hadi mlango wa treni, nikiwa na mtoto wa rafiki yangu mkononi tulitumia kumi na moja. Apu ya njia niliyokuwa natumia mwanzo ilinipa dakika chache kuliko hizo, na nikaiamini wiki nzima.

Hayo maghorofa ndo yaliyoiumiza stesheni. Viwanda vilipohama, viwanja vyao vikawa majengo ya makazi, moja tu, lile la Mid Sky Tower la 2009, lina ghorofa 59 na urefu wa kama mita 203. Maelfu ya familia zikaingia ndani ya miaka michache na wote wanataka kwenda Tokyo asubuhi, na Yokosuka ndo inayofika Shinagawa kwa kama dakika kumi na stesheni ya Tokyo chini ya dakika ishirini. Tatizo ni kwamba 2010 ilijengwa platifomu moja tu katikati, ya wanaokwenda na wanaorudi pamoja. Miaka ya 2018 hivi foleni ya kuingia getini ilikuwa inatoka nje barabarani, na kipande cha kutoka Kosugi kwenda Nishi-Oi kilihesabiwa kubeba karibu mara mbili ya uwezo wake. Wenzangu waliokuwepo wanasema walikuwa wanaamka nusu saa mapema kwa ajili ya foleni peke yake.

Hapa ndo naipa sifa kubwa. Tarehe 18 Desemba 2022 wakafungua platifomu ya pili, ya wanaoelekea Yokohama, ile ya zamani ikabaki ya wanaokwenda Tokyo tu. Mi nimeishi pande zote mbili za tarehe hiyo kwa hiyo naongea nilichokiona. Kabla, jioni ukishuka unakutana uso kwa uso na watu wanaosubiri treni ya upande mwingine, mnapishana kwenye ukingo, mi nilikuwa naogopa kweli hasa mvua ikinyesha na watu wana miavuli iliyolowa. Baada yake kifua kilipumua, nilishuka Jumatatu ile nikasimama dakika nzima nikiangalia tu nafasi ilivyo. Mwaka uliofuata, Desemba 2023, likaongezwa geti jipya upande wa barabara ya Tsunashima Kaido, mwisho wa platifomu upande wa Yokohama, na wanaokaa kusini walikuwa wanazunguka kwa miguu miaka yote kwa kulikosa. Ukitafuta fleti maeneo hayo muulize dalali ni dakika ngapi hadi geti GANI, manake tangazo litasema dakika tano kutoka Musashi-Kosugi na itakuwa kweli, ila dakika tano kutoka geti la Nambu wakati wewe kila siku unapanda Yokosuka ni habari tofauti kabisa.

Tahadhari nyingine, na hii ilinigharimu. Kwenye ile platifomu ya kwenda Tokyo zinapita treni za aina tatu kwenye reli ileile, za Yokosuka zinazokwenda Shinagawa na Tokyo, za Shonan-Shinjuku zinazokwenda Shibuya na Shinjuku, na zile zinazotoka reli ya Sotetsu, kampuni nyingine binafsi, ambazo nazo zinaelekea Shinjuku. Za Yokosuka zina mstari wa bluu na krimu, za Shonan-Shinjuku zina wa rangi ya chungwa na kijani, ila ukiwa na haraka huangalii rangi. Wiki yangu ya pili kazini nilifika nikihema, milango iko wazi, nikaruka ndani, nikashusha pumzi nikijipongeza, na Shinagawa haikuja. Ilikuja Osaki. Nilichelewa dakika ishirini na tano siku niliyotakiwa kuonyesha kazi yangu mbele ya wakubwa, na hadi leo nikifika pale natazama ubao kwanza hata kama treni ipo na milango iko wazi.

Na hili la Ebina, mji ulio mwisho wa laini ya Sotetsu, sijawahi kuona limeandikwa popote kwa Kiswahili. Tangu Novemba 2019 treni za Sotetsu zinaingia upande wa JR, na tangu 18 Machi 2023 zinaingia upande wa Tokyu pia kupitia Shin-Yokohama. Kwa hiyo hapo Kosugi unaweza kukuta treni imeandikwa Ebina kwenye platifomu ya Yokosuka na nyingine imeandikwa Ebina juu kwenye laini ya Meguro, na ziko mbali vile nilivyokuambia. Zote zinafika lakini njia tofauti na nauli tofauti. Ya Tokyu inapita Shin-Yokohama, kwa hiyo ukitaka kupanda Shinkansen ndo hiyo. Shibuya ni vilevile, unaweza kwenda na Toyoko au na JR, Yokohama pia. Mtu akikuambia "tukutane Kosugi tupande ya Shibuya" muulize ya wapi, la sivyo mmoja atakuwa juu kwa Tokyu na mwingine kule Yokosuka mnapigiana simu.

Tokyu kwa upande wangu ndo sehemu iliyopangwa vizuri kuliko zote. Zile reli nne, za nje ni Toyoko na za ndani ni Meguro, na zinazoelekea upande mmoja zinashea platifomu. Unashuka Toyoko unavuka hatua saba nane unapanda Meguro, hamna ngazi hamna geti, na mara nyingi zinafika pamoja zinasubiriana. Meguro ilifika hapa Agosti 2000, ikaendelea hadi Hiyoshi 2008, na tangu Machi 2013 Toyoko inaingia chini ya ardhi Shibuya na kuendelea moja kwa moja hadi Ikebukuro na mbele zaidi. Mama mmoja jirani yangu ana magoti mabaya, yeye amesema hataki kabisa habari za Yokosuka, anapanda Meguro hata kama anachelewa kidogo, na namuelewa kabisa.

Kuhusu mafuriko, kwa kuwa watu wanauliza sana. Kimbunga cha Oktoba 2019, kile Hagibis, maji ya mto Tama yalirudi kupitia mifereji ya chini yakajaa mitaani, eneo la mageti ya Yokosuka likaingia maji, na ghorofa moja la karibu likakosa umeme na maji kwa sababu mitambo yake ya umeme ilikuwa chini kabisa. Eneo hili ni tambarare la mto, ukihamia uliza mitambo ya jengo iko ghorofa ya ngapi, usione aibu.

Mambo madogo madogo. Viti kwenye platifomu ya Yokosuka ni vichache kwa watu wale wote. Upepo wa Januari pale juu unakata, vaa. Lifti zipo lakini ukiwa na masanduku ya kwenda Narita jipe dakika kumi na tano kutoka Nambu, Narita Express inasimama hapa na hilo ni raha kubwa, unakaa moja kwa moja hadi uwanja wa ndege. Mechi za Kawasaki Frontale zikiwepo uwanja wa Todoroki mabasi na mitaa ya upande wa kaskazini vinajaa watu wa bluu, panapendeza kwa kweli, ila kama una haraka siku hiyo usipitie geti hilo. Kula na kununua vitu hutakosa, Grand Tree ipo tangu 2014 na Lala Terrace iko palepale Tokyu, sina la kuongeza.

Nyota nazoipa ni nne kati ya tano. Mbili ni za Tokyu kwa ule mpangilio wake, moja ni ya platifomu mpya ya 2022, na moja ni kwa sababu kutoka sehemu moja naweza kwenda Tokyo, Shinjuku, Shibuya, Yokohama, Tachikawa na Narita bila kubadilisha. Iliyokosekana ni ya zile mita 400. Mkanda wa kutembelea ungefika mwisho hadi mwisho, pande zote mbili, ningeirudisha leoleo.

Ukipata nafasi, jioni moja usikimbie. Simama ile platifomu mpya ya Yokosuka kama saa kumi na mbili hivi, Shinkansen inapita pembeni kabisa, nyeupe yenye mstari wa bluu, platifomu inatetemeka kidogo chini ya viatu, afu kimya, afu spika inatangaza treni ya Zushi.